Shingo Inayouma Haitaki Kulazwa, Yataka Mazoezi

UKIMTAJIA Mkenya jina Sachangwan, fikira zake hukimbilia barabarani. Atakumbuka Januari 31, 2009, siku lori la mafuta lilipopinduka na kuwaka moto, likateketeza zaidi ya watu 100 waliokuwa wamejazana kuchota mafuta. Atakumbuka mteremko mrefu wa kutoka Mau Summit hadi Salgaa, na ajali ya Migaa ya Desemba 31, 2017 iliyowaua zaidi ya watu 30. Baada ya ajali hiyo, mwaka 2018, barabara ilitenganishwa kwa kuta za saruji ili magari yanayopanda yasikutane uso kwa uso na yanayoshuka.

Hayo ndiyo yanayoandikwa magazetini. Lakini kuna mateso mengine katika nchi hii ya baridi na viazi ambayo hayapigiwi king'ora wala hayaleti wapiga picha. Ni maumivu ya shingo yanayokaa mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, hata mwaka. Anayo mpakiaji anayebeba magunia ya viazi kutoka shambani hadi kwenye lori. Anayo mama anayepanda kilima na mzigo wa kuni mgongoni, mkanda ukiwa umemkaza kwenye paji la uso. Anayo dereva wa masafa marefu aliyetoka Mombasa na bado anautazamia mpaka wa Malaba. Na kule Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji mnamo Desemba 2021, anayo karani aliyeinamia kompyuta toka asubuhi, na mwanafunzi aliyeinamia simu hadi usiku wa manane.

Watu hawa wote, ingawa kazi zao hazifanani, hupewa shauri moja: "Pumzika." Wapumzike vipi? Mtu wa kibarua akipumzika, sufuria nayo hupumzika. Dereva akilala wiki mbili, atamkuta mwingine kwenye usukani. Ndiyo maana wengi hulisikia shauri hilo, huitikia kwa heshima, kisha hununua vidonge na kurudi kazini wakiwa na hofu kwamba siku moja shingo itakatika.

Mpenzi msomaji, habari njema ni kwamba shauri hilo la kupumzika, kwa shingo iliyouma kwa muda mrefu, si shauri bora. Utafiti wa zaidi ya miaka 20 umeonyesha kuwa shingo ya namna hiyo hupata nafuu zaidi ikifundishwa kazi upya, kidogo kidogo na kwa mpango. Hiyo ndiyo shughuli ya wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa njia ya mazoezi. Na kwa mtu asiyeweza kuacha kazi, hii ndiyo tiba inayomfaa.

Nguzo ya pingili saba

Tuanze na shingo yenyewe. Ni nguzo ya pingili saba za mifupa. Wanafunzi waliowahi kutembelea Mbuga ya Ziwa Nakuru watashangaa kusikia kwamba hata twiga, pamoja na urefu wake wote, ana pingili saba zizo hizo za shingo kama binadamu, ila zake ni ndefu. Baina ya pingili hizo kuna visahani laini vinavyozuia mifupa kusuguana. Juu ya nguzo hiyo kumekaa kichwa chenye uzito wa kilo tano hivi, na kichwa hicho hakitulii. Kinainama, kinageuka, kinaitikia, kinakataa.

Mifupa peke yake haiwezi kazi hiyo. Kinachoishika nguzo isianguke ni misuli, nayo iko ya aina mbili. Kuna misuli mikubwa ya nje, ile unayoigusa kati ya shingo na bega ukaikuta imekaza kama kamba. Na kuna misuli midogo ya ndani, iliyoshikamana na pingili zenyewe, ambayo kazi yake ni kuziweka sawasawa kila kichwa kinaposogea.

Shingo ikiuma kwa muda, misuli ile midogo hulegea na kuzembea. Ile mikubwa hulazimika kufanya kazi yake na ya wenzake. Ni kama arusi ambayo wenyeji wamelala na wageni ndio wanaopika, wanaopakua na wanaoosha vyombo. Hawatakosa kuchoka na kunung'unika. Huko kunung'unika kwa misuli ndiko mgonjwa anakokuhisi jioni, shingo ikiwa imekakamaa na kichwa kikimgonga kuanzia kisogoni.

Wataalamu huyaita maumivu sugu pale yanapozidi miezi mitatu. Wenye kuumwa ni wengi mno. Hesabu iliyofanywa na watafiti wa kimataifa ilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 203 duniani walikuwa na maumivu ya shingo, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Na kwa sehemu kubwa ya wagonjwa hao, ukitafuta mfupa uliovunjika au mshipa uliokatika, huupati.

Hofu inayotoka kwenye picha

Hapo ndipo penye utata. Mgonjwa hupigwa eksirei, au picha ya gharama zaidi kule mjini, kisha huambiwa maneno ya kutisha: pingili zimesagika, visahani vimetokeza, mifupa imezeeka. Akitoka hapo hageuzi shingo tena. Anatembea kama amebeba trei ya mayai kichwani.

Lakini sikiliza jambo hili. Mwaka 2015, madaktari wa Japani walitoa matokeo ya picha za shingo za watu 1,211 wasiokuwa na ugonjwa wowote wa shingo, wa umri wa kuanzia miaka 20. Karibu watu 88 katika kila 100 walikuwa na visahani vilivyotokeza. Nao walikuwa wazima, wakila na kufanya kazi zao bila taabu. Maana yake ni kwamba mabadiliko mengi yanayoonekana kwenye picha ni kama mvi kichwani. Yanaonyesha miaka imepita, lakini si lazima yawe ndiyo chanzo cha maumivu.

Basi maumivu yanatoka wapi ikiwa hakuna kilichovunjika? Fikiria king'ora cha gari kilichowekwa kumzuia mwizi. Kikiharibika kidogo, hulia hata paka akipita. Mwili nao una king'ora chake. Jeraha la kwanza huenda lilikwisha pona zamani, lakini neva zimezoea kupiga kelele, na sasa hulia kwa jambo dogo kama kugeuka kitandani. Ukosefu wa usingizi, mawazo ya karo na madeni, na hofu yenyewe ya kuumia huongeza sauti ya king'ora hicho. Hii haina maana kwamba maumivu ni ya kujitungia. Ni ya kweli kabisa. Maana yake ni kwamba kuuma si lazima kuwe kuharibika.

Kwa sababu hiyo, kuvaa kola ya shingo wiki baada ya wiki, au kukaa bila kugeuza kichwa, huzidisha taabu. Msuli usiotumika hunyong'onyea, na ukinyong'onyea huchoka upesi, na ukichoka huuma. Mgonjwa akiuona unauma, huzidi kuupumzisha. Hapo mzunguko umekamilika.

Wengi wa nyanda za juu, ambako baridi ya asubuhi haina mchezo, husema ni baridi iliyoingia shingoni. Ni kweli baridi hukaza misuli, na kujifunga shali au kujikanda kwa kitambaa cha maji ya moto huleta raha. Lakini shali haimpi mtu nguvu za shingo. Nguvu hupatikana kwa njia nyingine.

Wanawake 180 wa Ufini

Mwaka 2003, watafiti wa Ufini walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa wanawake 180 wa kazi za ofisini waliokuwa na maumivu sugu ya shingo. Waliwagawa makundi matatu. Kundi la kwanza lilifundishwa mazoezi ya kujenga nguvu za shingo na mabega kwa kutumia mpira wa kuvuta na vyuma vya mkononi. La pili lilifundishwa mazoezi mepesi ya kustahimili, kama kuinua kichwa mara nyingi ukiwa umelala. La tatu lilishauriwa tu kujinyoosha na kuchangamsha mwili. Baada ya mafunzo ya siku chache, walirudi kufanya mazoezi yao nyumbani, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima.

Mwaka ulipokwisha, waliosema maumivu yamekwisha au yamepungua sana walikuwa 73 katika kila 100 wa kundi la kwanza, na 59 katika kila 100 wa kundi la pili. Katika kundi la tatu walikuwa 21 tu. Yaani kujinyoosha peke yake, jambo ambalo wengi wetu hulifanya tukadhani tumemaliza, hakukufua dafu mbele ya kujenga nguvu.

Pengine utasema huna nafasi. Wadenmaki nao waliliuliza swali hilo. Mwaka 2011 walitoa matokeo ya watu 198 wa ofisini waliokuwa na maumivu ya shingo na mabega. Wengine walifanya zoezi moja la mpira wa kuvuta kwa dakika mbili kwa siku, wengine dakika 12, na wengine hawakupewa zoezi. Baada ya wiki 10, hata wale wa dakika mbili walikuwa wamepata nafuu kuliko wasiofanya. Dakika mbili hazifiki hata muda wa kungoja chai ichemke.

Naye Gwendolen Jull, mtaalamu mashuhuri wa Australia, alionyesha na wenzake mwaka 2002 kwamba mazoezi ya misuli ile midogo ya ndani, yakifanywa kwa wiki sita, yalipunguza maumivu ya kichwa yatokanayo na shingo. Walipopimwa baada ya mwaka mmoja, nafuu hiyo ilikuwa ingalipo.

Tusidanganyane lakini. Mazoezi hayamponyi kila mtu, na wapo wanaobaki na maumivu kidogo. Hata hivyo, katika mambo ambayo mgonjwa anaweza kujifanyia mwenyewe kwa gharama ndogo, ni machache yaliyo na ushahidi kama huu.

Wabeba mizigo je?

Msomaji wa Molo au Sachangwan anaweza kuuliza: hao ni watu wa viti na meza, mimi ninayebeba mizigo kila siku nifanye mazoezi ya nini tena?

Ni swali zuri. Mwaka 1986, Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha utafiti uliowashangaza wengi duniani. Waliwapima wanawake Waluo wanaobeba mizigo kichwani na wanawake Wakikuyu wanaobeba kwa mkanda wa kwenye paji la uso. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya zile wanazotumia wakitembea mikono mitupu. Wazoefu hao hawakuzaliwa hivyo. Walianza utotoni na kikopo cha maji, wakaongezewa mwaka baada ya mwaka. Huo ndio msingi wa mazoezi: mwili huzoea kile unacholetewa kidogo kidogo.

Lakini utafiti huo ulipima nguvu zilizotumika, haukupima maumivu. Na mzigo wa sehemu moja ya tano, kwa mama wa kilo 60, ni kilo 12 tu. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji. Na gunia la viazi? Kanuni za serikali za mwaka 2019 zilisema gunia la viazi lisizidi kilo 50, kwa sababu watu walikuwa wanabebeshwa magunia yaliyovishwa kilemba yenye uzito wa zaidi ya kilo 100. Gunia la kilo 50 bado ni zito, lakini anayebeba zaidi ya hapo anamfaidi mnunuzi kwa shingo yake.

Isitoshe, kubeba mizigo hakufundishi misuli yote. Mkanda wa kwenye paji la uso huvuta kichwa nyuma kwa namna moja ile ile, saa nyingi, pasipo kupumzika. Mazoezi ya tiba hugusa misuli iliyosahauliwa, kwa uzito mdogo unaopimwa, na huipa nafasi ya kujijenga.

Mazoezi yenyewe

Haya ni mazoezi ambayo wataalamu huwafundisha wagonjwa wengi wa maumivu sugu ya shingo. Yafanye ikiwa huna dalili zozote za hatari zilizotajwa mbele katika makala hii. Vifaa ni kitanda au mkeka, chupa mbili za lita moja moja, na kipande cha blada kilichokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli.

La kwanza ni kuitikia kwa kidevu. Lala chali, uweke kitambaa kilichokunjwa chini ya kichwa. Bila kukiinua kichwa, shusha kidevu polepole kuelekea kooni, kama mtu anayekubali jambo kimyakimya. Utahisi nyuma ya shingo ikirefuka. Shikilia kwa hesabu ya tano, kisha uachie. Rudia mara 10. Ukiona misuli mikubwa ya mbele ya shingo imetokeza kama kamba, umetumia nguvu nyingi mno.

La pili ni kugeuza. Keti wima, geuza uso kulia hadi unapoweza bila kujilazimisha, ngoja kidogo, kisha ugeuze kushoto. Ukimaliza mara 10 kila upande, lazia sikio kuelekea bega la kulia, kisha la kushoto. Hili humsaidia dereva anayetaka kutazama kioo cha pembeni, na anayevuka barabara.

La tatu ni kusukumana na mkono. Weka kiganja kwenye paji la uso, usukume kichwa mbele huku kiganja kikikizuia kisisogee. Tumia nguvu kidogo tu mwanzoni. Hesabu hadi tano, uachie. Fanya vivyo hivyo kwa kisogo na kwa kila upande, mara tano kila mahali.

La nne ni kuvuta blada. Ifunge kwenye nguzo au kitasa cha mlango uliofungwa imara, ushike ncha zake kwa mikono miwili, kisha uvute viwiko nyuma mpaka uhisi kombe za mabega zikikaribiana. Rudisha mikono polepole. Fanya mara 10, pumzika dakika moja, urudie tena mkupuo wa pili.

La tano ni kuinua chupa. Simama, mikono ikining'inia na chupa iliyojaa maji kila mkono. Inua mikono kwa upande, mbele kidogo, hadi usawa wa mabega, kisha uishushe taratibu. Fanya mara 10. Zoezi hili linafanana na lile la dakika mbili la Wadenmaki.

La sita halihitaji kifaa: tembea kwa haraka kiasi, nusu saa, siku nyingi za wiki. Anayetembea shambani kutwa amekwisha lifanya.

Matatu ya kwanza yafanye kila siku. La nne na la tano yatosha mara tatu kwa wiki, kwa maana msuli hujengeka wakati wa mapumziko. Zoezi likiwa jepesi hata ukalifanya mara 15 bila jasho, ongeza uzito: maji ya chupa yabadilishwe kwa mchanga, blada ikunjwe mara mbili.

Maumivu kiasi gani ni salama?

Hili ndilo swali linalowakatisha tamaa wengi. Siku za kwanza shingo itauma kidogo wakati wa mazoezi, na huenda jioni yake. Usishtuke. Kanuni ni hii: maumivu madogo yanayotulia kufikia kesho yake asubuhi si hatari, endelea. Yakiwa yamezidi kesho yake, hukukosea kufanya mazoezi, umezidisha tu kiasi. Punguza nusu, usiache. Lakini yakianza kuchoma kama umeme kuteremka mkononi, au vidole vikafa ganzi, simama hapo na umwone mtaalamu.

Usitazamie muujiza wa wiki moja. Wengi huanza kuona tofauti baada ya wiki sita, na ni busara kungoja wiki 12 kabla ya kuamua kama yamekufaa au la. Wale wanawake wa Ufini walikaza mwaka mzima.

Pamoja na mazoezi, rekebisha kazi pale unapoweza. Mpakiaji asiinue gunia peke yake kutoka chini, bali asaidiwe kulipandisha, nalo likae juu ya mgongo na mabega, si juu ya shingo. Mama agawe lita 20 katika vyombo viwili vya lita 10 vya kubeba mikononi, au atumie punda na mkokoteni shingo inapokuwa imechachamaa. Dereva anaposimama Salgaa kunywa chai, kwanza alizunguke lori lake mara mbili na kufanya zoezi la kugeuza. Mwanafunzi ainue simu usawa wa kifua, na kila nusu saa ainuke. Hakuna mkao mmoja wa kiti ulio mtakatifu. Kinachochosha shingo ni kukaa namna moja kwa muda mrefu.

Kinyozi na vidonge

Kuna mtindo ulioenea mijini wa kinyozi kumaliza kunyoa, kumkanda mteja, kisha kushika kichwa na kukizungusha ghafla hadi shingo ilie "ka!" Kukandwa hakuna neno, na huleta raha ya muda. Kule kuzungushwa kwa ghafla ndiko kusikofaa. Mishipa ya damu inayopeleka damu ubongoni hupitia ndani ya pingili za shingo, na ikichanika mtu anaweza kupata kiharusi. Ni jambo la nadra, lakini likitokea huweza kuacha madhara ya kudumu. Mkatalie kwa adabu.

Kuhusu vidonge, dawa za kutuliza maumivu zina nafasi yake, hasa siku ambazo mtu hawezi hata kulala. Lakini dawa kama ibuprofeni na diklofenaki zikimezwa miezi bila ushauri wa daktari huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Na hazijengi msuli.

Haya si ya mazoezi

Zipo shingo ambazo hazipaswi kufanyishwa mazoezi kabla ya daktari kuzitazama. Nenda hospitali bila kuchelewa ukiona mojawapo ya haya: maumivu yaliyoanza baada ya ajali au kuanguka, mikono au miguu kupoteza nguvu, kutembea kwa kuyumba, au vidole kushindwa kufunga vifungo vya shati, mkojo au choo kutoka bila kujizuia, homa, jasho la usiku na kukonda bila sababu, kwani kifua kikuu huweza kuingia kwenye pingili, maumivu yasiyotulia usiku wala mchana kwa mtu aliyewahi kuugua saratani, na shingo kukakamaa ghafla pamoja na homa na kichwa kuuma vikali, ambayo huweza kuwa dalili ya homa ya uti wa mgongo. Maumivu ya kifua yanayopanda shingoni na tayani nayo ni ya kukimbiza hospitali, maana huenda ni moyo.

Na kwa wanaoishi kandokando ya barabara kuu, neno moja zaidi. Majeruhi wa ajali anayelalamikia shingo asivutwe kwa mikono wala kuketishwa, isipokuwa kama gari linawaka moto au kuna hatari nyingine ya papo hapo. Mshikilie kichwa kisigeuke, umtulize, mngoje wenye ujuzi. Pingili iliyovunjika inaweza kupona, lakini uti uliokatwa kwa kuvutwa haurudi.

Mtaalamu hupatikana wapi?

Nchini Kenya, kazi hii inasimamiwa na Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya mwaka 2014, iliyounda baraza la kuwasajili. Wengi wao husomea vyuo vya mafunzo ya utabibu vya KMTC na vyuo vikuu. Unayo haki ya kumwuliza anayetaka kukutibu kama amesajiliwa. Hospitali kubwa za serikali huwa na idara ya fiziotherapia. Mkazi wa Sachangwan anaweza kuanza kwa kuulizia hospitali ya Molo, au ile kubwa ya rufaa ya Nakuru.

Ukifika, usiridhike kulazwa kitandani na kupitishiwa mashine ya joto, kisha ukaambiwa urudi kesho, na kesho kutwa. Mwombe akufundishe mazoezi, akutazame ukiyafanya, akuandikie idadi na siku. Mweleze kazi yako ilivyo, kama ni magunia, usukani au vitabu. Mwulize urudi lini ili aongeze uzito. Kwa njia hiyo nauli ya mara moja inaweza kukutosha wiki tatu au nne, na kazi nyingine ukaifanya nyumbani kwako.

Ndugu msomaji, ikiwa una mzee nyumbani aliyeacha kugeuza shingo kwa kuogopa, au kijana wa vibarua anayemeza vidonge kila jioni, mkalishe umsomee makala haya. Kisha mfanye zoezi la kwanza pamoja usiku huu, kabla ya kulala. Haba na haba hujaza kibaba, na shingo nayo hujengwa hivyo hivyo.